Kitufe cha WPS dukani: Faida yake, hatari yake na namna ya kukipanga

Biashara ya mazao katika wilaya za Mbulu na Hanang siku hizi haikamiliki kwa mizani na magunia peke yake. Mnunuzi wa vitunguu saumu aliyeko Mbulu mjini huuliza bei ya Arusha na Dar es Salaam kwa simu kabla hajafungua mkoba. Dalali wa mbaazi aliyeko Katesh hutuma picha za mzigo kwa WhatsApp wakati lori bado halijapakia. Mwenye ghala huangalia kamera akiwa nyumbani, na mwenye duka la pembejeo huchapa ankara kwa printa isiyo na waya. Katika fremu nyingi kazi zote hizo hupita kwenye kisanduku kimoja kidogo: ruta ya Wi-Fi yenye laini ya simu ndani yake.

Nyuma au ubavuni mwa kisanduku hicho mara nyingi kuna kitufe kilichoandikwa WPS. Wapo wenye maduka ambao hawajawahi kukigusa, na wapo wanaokibonyeza kila anapokuja mtu na kifaa kipya. Makundi yote mawili yana sababu ya kukifahamu, maana kitufe hicho kikiachwa kilivyotoka kiwandani kinaweza kula bando la mwezi mzima na kufungua mlango wa kumbukumbu za biashara, hata kama neno la siri la Wi-Fi ni refu na gumu.

KITUFE HICHO NI NINI

WPS ni njia ya mkato ya kuingiza kifaa kwenye mtandao wa Wi-Fi bila kuandika neno la siri. Ilitolewa mwaka 2007 na Wi-Fi Alliance, umoja wa makampuni yanayotengeneza vifaa vya Wi-Fi. Shabaha yake ilikuwa njema. Watu wengi walikuwa wakiacha mitandao yao wazi kwa sababu kuandika neno la siri la herufi nyingi kwenye printa yenye vitufe vitatu ni kazi ya kuchosha. Umoja huo ukaona afadhali kuwepo njia rahisi iliyo salama kuliko njia ngumu ambayo watu hawaifuati.

Katika ruta za zamani za TP-Link kitufe hicho kiliitwa QSS. Jina ni tofauti, kazi ni ile ile.

WPS hutumika zaidi kwa namna mbili, nazo ni lazima zitofautishwe, kwa kuwa hatari zake hazilingani.

Namna ya kwanza ni kubonyeza. Mwenye ruta anabonyeza kitufe cha WPS kwenye ruta, kisha anabonyeza kitufe kama hicho kwenye printa au kamera. Ruta inasubiri kwa dakika 2 tu. Kifaa kikijitokeza ndani ya muda huo kinapewa neno la siri kimya kimya na kuingia. Dakika 2 zikipita mlango unajifunga.

Namna ya pili ni namba, yaani PIN. Ruta ina namba ya tarakimu 8, mara nyingi imechapwa kwenye kibandiko chini yake. Mwenye kifaa akiitaja namba hiyo, ruta inamkabidhi neno la siri. Hapa hakuna dakika 2 wala kitufe cha kubonyeza. Namba inasikilizwa usiku na mchana, maadamu ruta ina umeme.

HESABU YA NAMBA NANE

Kwa mtazamo wa kwanza tarakimu 8 zinatosha. Michanganyiko yake ni 100,000,000, na hakuna mwizi mwenye subira ya kiasi hicho. Lakini Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha hadharani kwamba hesabu hiyo si ya kweli.

Kwanza, tarakimu ya nane si ya siri. Inatokana na hesabu ya zile saba za mwanzo, kwa hiyo michanganyiko inashuka hadi 10,000,000. Pili, na hapa ndipo penye kosa kubwa, ruta haiipimi namba yote kwa pamoja. Inapima tarakimu 4 za mwanzo na kujibu kama ni sahihi, kisha inapima zilizobaki. Anayejaribu anahitaji majaribio 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa nusu ya pili. Jumla ni 11,000, badala ya milioni 10.

Mfanyabiashara anaweza kuipima tofauti hiyo kwa saa. Ikichukuliwa kwamba kila jaribio linatumia sekunde 3, majaribio milioni 10 yangechukua takriban siku 347. Majaribio 11,000 yanachukua saa 9 na dakika 10. Mtu akianza saa 2 usiku, fremu zikiwa zimefungwa na ruta imeachwa inawaka kwa ajili ya kamera, atakuwa amemaliza saa 11 na dakika 10 alfajiri. Na hiyo ni kama bahati yake ni mbaya kabisa. Kwa wastani atahitaji nusu ya muda huo. Hana haja ya kukesha, kwani programu za kufanya kazi hiyo zilianza kusambazwa bure mwezi huo huo wa Desemba 2011.

Kitengo cha tahadhari za kompyuta cha Marekani kilitoa onyo wakati huo na kushauri WPS izimwe. Baadaye watengenezaji wengi waliweka kufuli: namba ikikosewa mara kadhaa, ruta inakataa kwa muda. Kufuli hilo linasaidia, lakini halikumaliza tatizo. Mwaka 2014 mtafiti mwingine, Dominique Bongard, alionyesha kwamba katika baadhi ya ruta namba hiyo inaweza kupatikana kwa jaribio moja, hesabu iliyobaki ikifanyiwa kwenye kompyuta ya mshambuliaji. Kwa ruta za aina hiyo kufuli halina maana.

Lipo jambo moja ambalo wenye maduka wengi hawalijui. Mtu akishaipata namba ya WPS, kubadilisha neno la siri la Wi-Fi hakumfukuzi. Atairudia namba ile ile, na ruta itamkabidhi neno jipya. Mwenye duka anaweza kubadilisha neno la siri kila Jumatatu na bado bando likaisha kabla ya wakati.

HASARA INAPOPATIKANA

Fremu za Katesh, Haydom, Dongobesh au Mbulu mjini zimepangana ukuta kwa ukuta. Mawimbi ya Wi-Fi hayajui mpaka wa fremu. Yanapita kwenye tofali na dari hadi kwa jirani na hata kwenye ua wa nyuma. Mwizi wa aina hii hahitaji kuingia dukani. Anakaa kwake.

Hasara ya kwanza ni bando. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba mwenye duka amelipia GB 60 za mwezi, na matumizi yake ni GB 2 kwa siku. Bando linamtosha siku 30. Sasa simu mbili za pembeni zikiingia kwa njia ya namba, na kila moja ikaangalia video kwa saa 2 kwa siku kwa wastani wa GB 1 kwa saa, matumizi yanaongezeka kwa GB 4. Jumla ni GB 6 kwa siku, na bando linakwisha siku ya 10. Kati ya GB 60 alizolipia, ametumia 20. Nyingine 40 amewalipia watu asiowajua. Kama bando lilikuwa la Sh. 60,000, Sh. 40,000 zimepotea bila risiti. Lawama huangukia kampuni ya simu, kumbe shimo liko dukani.

Hasara ya pili ni kumbukumbu. Aliyeingia kwenye Wi-Fi ya duka yuko upande mmoja na kompyuta, printa na kinasa picha cha kamera. Faili la bei za ununuzi likiwa limewekwa wazi kwa ajili ya karani, linaweza kusomwa na mwingine. Kamera ambayo neno lake la siri ni lile la kiwandani inaweza kumwonyesha mtu wa nje magunia mangapi yamebaki ghalani na saa ambayo mlinzi husinzia. Kwa mnunuzi wa mbaazi au alizeti, mshindani akijua bei aliyonunulia na kiasi alichonacho, mapatano ya siku ya pili tayari yamevurugika.

Hasara ya tatu ni jina. Laini iliyomo ndani ya ruta imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Utapeli au matusi yakipitia laini hiyo, wa kwanza kuulizwa ni mwenye laini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtambua mtu anayeingia kwenye mfumo wa mwenzake bila ruhusa kuwa mkosaji, lakini mwenye duka atapoteza muda mwingi kueleza kwamba si yeye.

Hata hivyo hakuna sababu ya kutishana. Miamala ya fedha kwa kupiga namba za nyota na reli haipiti kwenye Wi-Fi hata kidogo, bali hupita kwenye mtandao wa simu. Programu za benki nazo husafirisha taarifa zikiwa zimefichwa. Hatari ya WPS iko kwenye bando, mafaili, kamera na jina la mwenye laini.

NAMNA YA KUPANGA RUTA

Kazi ifuatayo inaweza kufanywa kwa muda wa nusu saa, na inafaa ifanywe asubuhi kabla ya kufungua duka.

1. Kuingia kwenye ruta. Simu au kompyuta iunganishwe na ruta hiyo, kwa waya ikiwezekana. Kwenye kivinjari iandikwe anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta. Mara nyingi ni 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1.

2. Kubadilisha neno la siri la msimamizi. Hili si neno la Wi-Fi, bali ni lile la kufungulia mipangilio ya ruta. Ruta nyingi za zamani zilitoka kiwandani na neno "admin". Likiachwa hivyo, hatua zinazofuata hazina maana, kwani yeyote aliyeko ndani ataweza kuzitengua.

3. Kusasisha programu endeshi ya ruta. Mtengenezaji hutoa matoleo mapya yenye marekebisho. Kazi hii isifanywe wakati umeme unasuasua, maana ukikatika katikati ruta inaweza kuharibika.

4. Kuchagua ulinzi wa Wi-Fi. Uchaguliwe WPA2 wenye AES. Vifaa vyote vya duka vikiwa vipya, uchaguliwe WPA3. WEP usitumike kabisa, kwa kuwa ulishavunjwa zamani. Ieleweke pia kwamba ruta ikiwekwa kwenye WPA3 peke yake, WPS haitafanya kazi.

5. Kufunga namba. Ufunguliwe ukurasa wa WPS, mara nyingi chini ya sehemu ya "Wireless" au "Wi-Fi". Palipoandikwa PIN ya ruta pachaguliwe "Disable", kisha ihifadhiwe. Hii ndiyo hatua iliyo kubwa kuliko zote. Ruta nyingi huruhusu namba izimwe na kitufe kibaki. Ruta isiyotenganisha hivyo viwili, WPS yote izimwe.

6. Kuhakiki. Ruta izimwe na kuwashwa, kisha ukurasa wa WPS ufunguliwe tena kuona kama namba bado imefungwa. Zipo ruta za zamani ambazo maandishi yalisema imezimwa wakati bado inasikiliza. Ruta ya mwaka 2011 au kabla ya hapo, ambayo haijapata programu mpya, ni afadhali ibadilishwe.

7. Kusoma orodha ya vifaa. Ruta huonyesha vifaa vyote vilivyounganishwa. Mwenye duka ahesabu vya kwake: simu yake, ya karani, printa, kamera mbili. Orodha ikionyesha tisa wakati vyake ni vitano, neno la siri la Wi-Fi libadilishwe hapo hapo, baada ya kuwa namba imefungwa. Kubadilisha kabla ya kufunga ni kuchota maji kwa pakacha.

KITUFE KITUMIKE VIPI

Namba ikishafungwa, kubonyeza kitufe kunabaki kuwa msaada wa kweli kwa printa na kamera. Lakini una masharti yake.

Sharti la kwanza ni muda. Katika zile dakika 2 ruta haijui kifaa ni cha nani. Inampokea anayebisha. Siku ya mnada, watu wamejaa hadi kwenye kizingiti, si siku ya kubonyeza. Kazi hiyo ifanywe mapema, duka likiwa tupu. Ruta ikiona vifaa viwili vinaomba kwa pamoja inakataa vyote, na hiyo ni kinga iliyowekwa kwa makusudi. Likitokea hilo, mwenye duka asubiri dakika 2 zipite, aangalie ni nani mwingine anayebisha, ndipo arudie.

Sharti la pili ni mahali pa ruta. Ruta iliyowekwa kwenye kaunta, mteja anaweza kuibonyeza akijifanya anaegemea. Iwekwe juu, nyuma ya kaunta, mahali mkono wa mgeni haufiki. Kibandiko chenye neno la siri nacho kisielekee wateja.

Sharti la tatu ni uangalifu wa kidole. Katika ruta nyingi kitufe cha WPS ndicho hicho hicho cha kurudisha ruta kwenye hali ya kiwandani. Kubonyeza kwa muda mfupi ni WPS. Kukishikilia kwa sekunde kadhaa kunafuta mipangilio yote. Baada ya kufutwa, namba inaweza kurudi kuwa wazi, na hatua zote saba zitabidi zirudiwe.

Sharti la nne linahusu watumishi. Kifaa kilichoingia kwa kitufe kimepewa neno la siri lenyewe na kinalihifadhi. Karani akiacha kazi na simu yake, ameondoka na ufunguo. Siku ya kukabidhi funguo za ghala ndiyo siku ya kubadilisha neno la Wi-Fi.

SIMU ZA WATEJA NA MSIMBO WA QR

Kwa simu, kitufe hiki kimeshapitwa na wakati. Simu za iPhone hazikuwahi kuwa na WPS, na Android iliiondoa kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018. Mgeni anayelala gesti ya Haydom akiwa na mgonjwa hospitalini, au mteja anayesubiri ankara Mbulu mjini, hatasaidiwa na kitufe.

Kwao ipo njia nyingine. Ruta nyingi zina sehemu ya mtandao wa wageni, ambao hutoa intaneti bila kumfikisha mgeni kwenye printa na kompyuta za duka. Mtandao huo upewe jina lake na neno lake la siri, na ruta ikiruhusu, uwekewe kikomo cha kasi ili bando lisimalizwe na video.

Msimbo wa QR unaweza kuchapwa na kubandikwa ukutani ili wageni waupige picha. Hapa inahitajika tahadhari. Msimbo wa kawaida wa namna hii ni neno la siri lenyewe lililoandikwa kwa alama. Anayeupiga picha leo ataweza kuutumia mwezi ujao, au kumtumia mwenzake. Kwa hiyo msimbo wa ukutani uwe wa mtandao wa wageni peke yake, na ubadilishwe kila mwanzo wa mwezi. Msimbo wa mtandao wa duka usibandikwe popote.

Mwaka 2018 Wi-Fi Alliance ilileta mrithi wa WPS aitwaye Wi-Fi Easy Connect. Kwa njia hii msimbo unakuwa kwenye kifaa kipya, na mwenye mtandao ndiye anayeupiga picha kwa simu yake ili kukiruhusu. Kinachoingia ni kifaa kile kilichochaguliwa. Anayenunua ruta au kamera mpya anashauriwa kuuliza kama inayo njia hiyo, ingawa vifaa vingi vilivyoko madukani bado vinategemea WPS au neno la siri.

KWA UFUPI

Ushauri kwa wenye fremu na maghala wa wilaya hizi mbili ni huu. Namba ya WPS ifungwe leo, bila kusubiri mwisho wa bando. Kitufe kitumike kwa printa na kamera tu, duka likiwa tupu. Wageni wapewe mtandao wao. Orodha ya vifaa isomwe kila wiki, kama inavyosomwa daftari la mauzo, na kila baada ya kusasisha ruta au kuirudisha hali ya kiwandani, ukurasa wa WPS ukaguliwe upya.

Wazee wa Kiiraqw walijenga tembe zao zikiwa zimezama kwenye mteremko, ili kujikinga na adui. Ruta yenye namba iliyoachwa wazi ni nyumba yenye mlango wa pili ambao mwenyewe hakuambiwa alipoinunua. Kuufunga hakugharimu hata shilingi.